Ng'ambo hakuendwi na mfuko mmoja

Na Mwandishi Wetu

SIKU ya mtoto kuhitimu ni siku ya mzazi kutamba. Hivyo ndivyo alivyodhani dada yangu mkubwa mnamo Julai 2023, tulipofunga safari kutoka Nairobi hadi London kushuhudia binti yake wa pekee akitunukiwa shahada. Alikuwa ameshonewa kitenge kipya, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na bahasha ya kaki iliyotiwa pauni 640 za Uingereza.

Hizo hazikuwa pesa hivi hivi. Marehemu shemeji yangu, aliyekuwa mpishi wa meli, alizidunduliza kidogo kidogo, noti moja ya pauni 20 baada ya nyingine, akazificha katika mkebe wa majani chai. Kabla ya kufariki mwaka 2018, alimwachia mkewe wasia kwamba zitumike siku ambayo msichana wao atavaa joho. Dada hakuzigusa, hata wakati karo ilipomkaba koo.

Sherehe ilipokwisha, tuliingia mkahawani watu watano. Tulikula, tukacheka, tukapiga picha. Bili ilipoletwa ilikuwa pauni 112. Dada alifungua bahasha yake kwa fahari, akahesabu noti sita na kuziweka mezani. Mhudumu alizitazama, akazirudisha taratibu. Noti hizo, alisema, hazitumiki tena.

Dada akatoa kadi yake ya benki. Mashine ikaikataa. Akajaribu mara ya pili, ikaikataa tena. Nikaona huo ndio wakati wangu wa kuwa mwanamume, nikatoa yangu. Ikakataliwa pia! Wateja wa meza ya jirani walikuwa wameanza kututupia macho. Mwishowe msichana, joho la kukodi likiwa bado mabegani, alichomoa simu yake, akaigusisha kwenye mashine na kulipia karamu yake mwenyewe.

"Usijali, Mama," alisema.

Lakini mama yake alijali. Hakusema neno njia nzima.

Dada ameniruhusu nisimulie kisa hiki ili familia nyingine isije ikaaibika kama sisi. Kila mwaka Wakenya wengi husafiri ng'ambo kuhudhuria mahafali na arusi, kusoma, kutafuta matibabu, kuhiji au kununua bidhaa. Hujitayarisha kwa viza, tiketi na nguo za baridi. Swali la namna watakavyolipia vitu huko waendako huachwa hadi usiku wa mwisho, pengine hadi wakiwa tayari uwanjani. Ilhali hilo ndilo swali ambalo kulikosea kunauma zaidi.

Makosa matatu, meza moja

Hebu tuyachambue makosa yetu moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza lilikuwa la noti. Uingereza imeacha noti za karatasi na kutumia za plastiki. Noti za karatasi za pauni 20 na pauni 50 zilikoma kuwa pesa halali madukani tarehe 30 Septemba 2022, miezi kumi kabla ya safari yetu. Zile za pauni 5 na pauni 10 zilikuwa zimeondolewa mapema zaidi, mwaka 2017 na 2018. Noti za marehemu zilikuwa na picha ya Adam Smith, na hizo ndizo za karatasi. Noti ya plastiki ya pauni 20 ina picha ya mchoraji Turner.

Sisi Wakenya hatukupaswa kushangaa. Tulilionja jambo kama hilo mwaka 2019, noti zetu za zamani za shilingi 1,000 zilipofutwa tarehe 30 Septemba. Aliyezisahau chini ya godoro alibaki na makaratasi.

Kosa la pili lilikuwa la kadi ya dada. Kadi yenyewe haikuwa na kasoro na pesa zilikuwamo, ila hakuwa ameiarifu benki yake kwamba angesafiri. Benki inapoona kadi ambayo jana ilitumika Nairobi leo inatumika London, inaweza kushuku wizi na kuifunga. Kadi nyingine hazifanyi kazi nje ya nchi mpaka mwenyewe aombe zifunguliwe.

Kosa la tatu lilikuwa langu. Hoteli tuliyofikia ilikuwa imeshikilia kiasi fulani cha pesa katika akaunti yangu kama dhamana, ikiwa tungevunja kitu au kuondoka bila kulipa. Pesa za namna hiyo huwa hazijachukuliwa, lakini wewe mwenyewe huwezi kuzitumia mpaka ziachiliwe, na huenda zikachukua siku kadhaa. Nilikuwa nikijiona tajiri kumbe mfuko ulikuwa umefungwa.

Jioni ile tulikuwa na njia tatu za kulipa, na zote tatu zilikuwa zimeziba kabla hatujaketi mezani. Hakuna hata moja iliyozibiwa London. Zote zilizibiwa Nairobi, kwa kutouliza.

Pesa taslimu: kiasi gani?

Wazee wetu waliamini kwamba pesa ni ile unayoishika mkononi. Wana haki. Pesa taslimu hazihitaji umeme wala mtandao, na hazina ada ya siri. Teksi, vyakula vya barabarani, bahashishi na vijiduka vidogo katika nchi nyingi bado vinazipenda.

Hata hivyo, zina ubaya wake. Zikiibwa, zimekwenda. Aidha, kuna mahali ambapo hazina kazi kabisa. Mabasi mekundu ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014. Abiria hugusisha kadi ya usafiri, kadi ya benki au simu. Na kumbuka kwamba kila abiria anahitaji kadi yake. Baba hawezi kuigusisha moja kwa niaba ya mama na watoto.

Kitu kingine kinachomla msafiri ni tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuchukue mfano wa kubuni. Duka la fedha za kigeni linakuuzia pauni kwa shilingi 172, nalo likizinunua kwako linakupa shilingi 165. Ukinunua pauni 500, ukasafiri, ukazirudisha zote bila kutumia hata moja, utakuwa umepoteza shilingi 3,500 bila kununua hata kalamu. Kwa hivyo usinunue pesa nyingi za kigeni eti kwa usalama. Nunua zinazotosha siku tatu nne za mwanzo, pamoja na akiba ndogo ya dharura.

Zinunue katika benki au katika duka lililopewa leseni na Benki Kuu, na udai risiti. Linganisha bei za maduka mawili matatu mjini kabla ya siku ya safari, maana maduka ya uwanja wa ndege yanajua kwamba msafiri aliyekwisha kufika pale hana pengine pa kwenda. Ukipewa dola, kataa zilizochanika, zilizoandikwa kwa kalamu au zilizochakaa. Serikali ya Marekani inazitambua noti zake zote za zamani, lakini wabadilishaji wengi wa huku kwetu na kwingineko huzikataa zile zenye picha ndogo ya kichwa, au huzinunua kwa bei ya chini. Shilingi zetu nazo ziache nyumbani, isipokuwa za teksi ya kurudia. London hazikununulii hata maji.

Wanaobeba pesa nyingi nao wajue sheria. Anayetoka au kuingia Kenya akiwa na dola 10,000 au zaidi, au pesa nyingine za thamani hiyo, hana budi kutangaza kwa maofisa wa forodha. Uingereza nayo inataka utangaze kuanzia pauni 10,000. Kubeba si kosa. Kosa ni kuficha.

Kadi na bandu bandu zake

Kadi ziko za aina tatu, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ile inayochota pesa zako mwenyewe katika akaunti. Ya pili ni kadi ya mkopo, ambayo benki hulipa kwanza nawe ukalipa baadaye. Ya tatu ni ile unayoijaza pesa kabla ya safari, na baadhi ya benki hapa nchini hukuruhusu kuijaza kwa dola, pauni au yuro.

Kadi ya mkopo inafaa kwa hoteli na magari ya kukodi, kwa sababu dhamana itashikiliwa kwenye mkopo wala si kwenye pesa zako za chakula. Lakini usiitumie kutolea pesa kwenye mashine ya ATM kama una njia nyingine. Kwa kawaida riba ya pesa zilizotolewa namna hiyo huanza kuhesabiwa siku iyo hiyo. Kadi ya kujazwa inamfaa mzazi anayemsafirisha kijana, kwa kuwa kikomo cha matumizi ni kile kiasi ulichojaza. Ukiijaza kwa pauni, unajua bei uliyonunulia, na shilingi ikiporomoka kesho haikuhusu.

Kabla ya kuondoka, muulize karani wa benki maswali mawili. Je, benki inatoza asilimia ngapi ninaponunua kwa pesa za kigeni? Na je, ni ada gani nikitoa pesa kwenye mashine ng'ambo? Bandu bandu huisha gogo. Ada ya kutoa pesa hukatwa kila unapotoa, kwa hivyo ni afadhali utoe mara moja kiasi cha siku kadhaa kuliko kutoa kidogo kidogo kila asubuhi.

Swali la mashine

Sasa msomaji, nikueleze jambo ambalo, kama utasahau mengine yote, hili usilisahau.

Siku mbili baada ya aibu ya mkahawani, kadi ya dada ilikuwa imefunguliwa. Tuliingia duka la viatu, akachagua vya wajukuu, jumla pauni 80. Alipochomeka kadi, mashine iliuliza: ungependa kulipa kwa pauni au kwa shilingi za Kenya? Dada alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Alikuwa karibu kubonyeza shilingi nilipomshika mkono.

Shilingi zile hazikuwa ukarimu. Ukizichagua, dukani papo hapo ndipo pauni zako zinapogeuzwa kuwa shilingi, kwa bei iliyopangwa na kampuni ya ile mashine, pamoja na faida yake. Ukichagua pauni, hesabu hufanywa na mtandao wa kadi yako na benki yako, na mara nyingi huwa nafuu. Tuseme benki ingekuhesabia shilingi 170 kwa pauni. Viatu vingegharimu shilingi 13,600. Mashine ikihesabu kwa shilingi 180, utalipa 14,400. Shilingi 800 zimekwenda kwa kubonyeza kitufe kimoja, na hujapewa hata kamba ya viatu zaidi.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Ukiwa Uingereza lipa kwa pauni, ukiwa Uturuki lipa kwa lira. Swali hilo hilo utaulizwa na mashine ya ATM, na jibu ni lile lile. Kanuni za Visa na Mastercard zinataka mteja achague mwenyewe. Basi mwuza duka akikuchagulia shilingi bila kukuuliza, mwambie kwa adabu afute na aanze upya.

Simu si M-Pesa tu

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tumezoea kulipia kila kitu kwa simu, kuanzia sukuma wiki hadi karo. London huko huwezi kuuliza nambari ya till. Mwaka 2022 Safaricom ilishirikiana na Visa kutoa kadi isiyoshikika, inayokaa ndani ya M-Pesa yenyewe, ambayo hufaa kwa kununua vitu mtandaoni katika maduka ya kigeni. Ni msaada mkubwa, lakini usiifanye kuwa tegemeo lako la pekee.

Wapo wanaokwamishwa na laini yao ya simu. Benki nyingi hutuma nambari ya siri ya kutumiwa mara moja kwa laini yako ya Kenya kabla ya kuidhinisha ununuzi wa mtandaoni. Ukiwa umeitoa ile laini na kutia ya wenyeji, ujumbe hutauona na tiketi ya treni hutaipata. Kabla ya safari, hakikisha laini yako imeruhusiwa kupokea ujumbe ng'ambo, na usiiache nyumbani.

Waendao Dubai na Guangzhou

Najua wasomaji wetu wengi hawaendi London kwenye mahafali. Wafanyabiashara wa Eastleigh na Kamukunji huenda Dubai na China, na kule mambo ni tofauti kidogo.

Dirham ya Dubai imefungamanishwa na dola tangu 1997, kwa kiwango cha dirham 3.6725 kwa dola moja. Kwa hivyo hakuna haja ya kubahatisha. Unaijua bei ya haki kabla hujatoka nyumbani. Mwuza duka kule Deira akikuhesabia dirham 3.50 kwa dola yako, ujue katika kila dola 1,000 unamwachia zaidi ya dirham 170. Badilisha dola zako katika maduka ya fedha kwanza, kisha ulipe kwa dirham. Aidha, tangu 2018 nchi hiyo hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 5, na mtalii aliyenunua vitu vya dirham 250 au zaidi katika duka lililojiunga na mpango wa marejesho anaweza kudai sehemu kubwa ya kodi hiyo uwanjani. Mwambie mwuzaji mapema, uweke risiti, na uzishughulikie kabla ya kukabidhi mizigo yako.

Huko China, hata muuza mahindi hulipwa kwa simu, na kadi za kigeni hukataliwa katika maduka mengi madogo. Kuanzia 2023, Alipay na WeChat zimewarahisishia wageni kuunganisha kadi zao za Visa na Mastercard na programu hizo. Fanya kazi hiyo ukiwa Nairobi, pasipoti na laini yako vikiwa karibu. Usingojee mpaka umesimama mbele ya muuzaji mwenye haraka.

Funzo la hundi za wasafiri

Vijana wa leo hawakumbuki, lakini zamani kupata pesa za kigeni kulihitaji ruhusa ya Benki Kuu. Sheria iliyobana fedha za kigeni ilifutwa 1995, na mwaka huo ndipo maduka ya kubadilisha fedha yalipoanza kuenea. Msafiri wa enzi hizo alinunua hundi za wasafiri, ambazo American Express ilianza kuzitoa mwaka 1891. Ulitia sahihi mara moja ukinunua, na mara ya pili mbele ya anayeipokea. Zikiibwa, ulifidiwa.

Hundi hizo leo ni maduka machache mno yanayozipokea, na sikushauri uzitafute. Lakini kulikuwa na agizo moja lililokuja nazo: andika nambari za hundi zako na uziweke mbali na hundi zenyewe. Agizo hilo halijazeeka. Andika nambari ya simu ya kuripoti kadi iliyopotea, umwachie mtu nyumbani na ubaki na nakala katika sanduku. Usiandike kamwe nambari yako ya siri.

Kabla ya kupanda ndege

Kwa ufupi, familia inayojiandaa ifanye yafuatayo wiki mbili kabla:

Kwanza, iarifu benki: unakwenda nchi gani, kuanzia lini hadi lini.

Pili, beba njia tatu za kulipa: noti kidogo, kadi moja ya kutumia kila siku, na kadi nyingine ya akiba, ikiwezekana ya benki tofauti.

Tatu, zitenganishe. Moja mfukoni, moja kwenye mkoba wa mwenzako, moja katika sanduku lililofungwa.

Nne, kagua noti zote ulizohifadhi au kupewa na jamaa. Uliza kama bado zinatumika.

Tano, mwanafunzi anayekwenda kukaa awe na pesa za kumtosha majuma kadhaa ya mwanzo, kwani kufungua akaunti ya benki ugenini huenda kukachukua muda.

Yote hayo hayagharimu chochote ila asubuhi moja ya kwenda benki na kuuliza.

Huenda unajiuliza zile pauni 640 ziliishia wapi. Siku chache baadaye tulikwenda Threadneedle Street, yalipo makao ya Benki ya Uingereza, ambayo hubadilisha noti zake za zamani hata miaka ikipita. Tulipanga foleni, pasipoti mkononi. Dada alisukuma noti zake 32 dirishani, akazitazama kwa mara ya mwisho zikichukuliwa, akarudishiwa nyingine mpya.

Tulipofika kwa mpwa wangu, dada alihesabu pauni 120 na kumwekea kiganjani. Msichana alikataa, akasema amekwisha kusahau mambo ya ile bili.

"Hizi si zangu," mama yake akamwambia. "Ni baba yako anayelipa."

Msichana akazipokea.